Nchi Isiyo na Kiraka

Kuna nchi moja ambayo wachora ramani waliisahau, na wenyewe hawakulalamika, kwa sababu kulalamika kungekuwa sawa na kukiri kwamba kuna jambo limekwenda kombo. Nchi hiyo inaitwa Ukamili. Haina mkosaji, haina mgonjwa, haina aliyechelewa wala aliyesahau. Hayo yaliandikwa kwenye kibao cha mpakani kwa herufi zilizonyooka vizuri, na fundi Eliakunda aliyasoma mara mbili, mfuko wake ukiwa begani, akaona amefika alikotaka.

Eliakunda alikuwa fundi cherehani na mwalimu wa kwaya huko kwao milimani, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu. Kilichomtoa nyumbani kilikuwa kimoja, na tukiseme mapema tusije tukasumbuana huko mbele. Mkewe, Aikaeli, aliugua wiki tano. Siku ya mwisho, pumzi zilipoanza kukatika, Eliakunda aliingiwa na hofu, akasimama, akasema, "Naenda mara moja kutafuta dawa, narudi." Hakwenda kwenye dawa. Alikwenda kilabuni, akakaa mbele ya kata ya pombe bila hata kuionja, mpaka alipokuja mtu kumwambia kwamba mkewe amekwisha. Aikaeli alikufa ameshikwa mkono na jirani.

Hakuna aliyemlaumu. Watu wa usharika walimpikia, wakamwimbia, wakamwambia "pole, mwalimu," na kila pole ilimchoma, maana waliitoa kwa mtu waliyedhani alitoka kutafuta dawa. Akavumilia miezi minne. Kisha akafunga cherehani yake na kuondoka, akitafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayemuuliza kitu.

Afisa wa mpaka wa Ukamili aliitwa Sikosei. Alikuwa amevaa makoti kumi na manne, moja juu ya jingine, yote yamefungwa vifungo mpaka shingoni, na jua lilikuwa la kuanikia mpunga.

"Una kosa lolote?" akauliza.

Eliakunda akasema, "Sina."

"Vizuri. Wengi hukwama hapo." Kisha macho yakatua begani mwake, ambapo shati lilikuwa limechanwa na miiba ya njiani. "Na hiyo?"

"Nitaweka kiraka nikipata kivuli, mheshimiwa."

Sikosei akaiweka kalamu chini, akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. "Bwana fundi, hilo neno huku hatulitamki. Kiraka kinasema nini? Kinasema hapa palichanika. Kwetu hapachaniki." Akaingia stoo, akatoka na koti jipya, akamvika juu ya shati lile lile. "Haya, nionyeshe tundu."

Tundu halikuonekana. Eliakunda alijitazama kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba moyo wake ukatulia. Lazima tuseme ukweli, alilipenda lile koti.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria mama ya nchi. Mtu akichanika, au akikosa jambo, hapewi sindano wala haulizwi. Anapewa koti jingine la kuvaa juu. Aliyemtukana mama mkwe wake alipewa koti, aliyeangusha sahani alipewa koti, na aliyeuza uwongo sokoni alipewa koti lenye bitana ya hariri. Kwa kuwa hakuna aliyeuliza koti limefunika nini, watu walianza kuyaheshimu makoti yenyewe. Mwenye koti moja alipishwa njiani, mwenye kumi alipigiwa magoti, na mwenye ishirini alipanuliwa mlango wa nyumba kwa gharama ya serikali.

Neno "samahani" lilikuwa limefutwa kitambo. Mtu akikukanyaga mguu alikuambia "siku njema" na kupita, ndiyo maana sokoni siku ya gulio ulisikia siku njema, siku njema, kutoka asubuhi mpaka jioni, na watu wengi walikuwa wakichechemea.

Baraza la nchi lilikuwa na shughuli nyingi. Mwaka ule walikaa siku nne kujadili kama mtoto mchanga akicheua kwenye nguo yake amekosa. Upande mmoja ulisema amekosa na avikwe. Upande wa pili ukajibu kwamba ukimvika mtoto wa wiki mbili makoti sita hatapumua. Mwisho wakaafikiana vizuri sana: mtoto asihesabiwe kuwa amezaliwa mpaka atakapoacha kucheua. Akina mama waliambiwa wawe wavumilivu.

Kanisani nako Eliakunda aliona jambo. Jumapili ya kwanza alidhani kuna mgeni amesimama juu ya madhabahu, mnene, amenyoosha mikono. Alipokaribia akaona ni sanamu ya Bwana msalabani, imevikwa makoti saba na glavu nyeupe mikononi, uso tu ndio uliobaki. Ile sala ya toba nayo ilikuwa imefupishwa. Watu walinyamaza kwa pumzi moja, kisha wakasema pamoja, "Tunashukuru hatukukosa." Eliakunda alisema na wenzake. Mara ya kwanza aliishia katikati, mara ya tatu aliimaliza.

Walimpa kazi kwenye kiwanda cha makoti, na chumba cha kupanga katika nyumba ya Mzee Sinadoa, jaji mkuu mstaafu, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote mjini. Mzee Sinadoa alikuwa na makoti thelathini na moja. Hakuweza kukaa kitini, aliegeshwa ukutani. Mikono yake ilisimama mbali na mwili na haikufika kinywani, kwa hiyo bintiye, Takasika, alimlisha uji kwa upawa wenye mpini mrefu. Takasika alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, na alimwambia Eliakunda siku moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mara ya mwisho kumkumbatia baba yake alikuwa na miaka minne.

"Nakumbuka alikuwa na joto," akasema. "Sasa ukimkumbatia unashika pamba."

Siku nyingine, akimsaidia fundi kukunja vitambaa, akamuuliza, "Kwenu kule, Bwana kanisani mnamvika nini?"

"Hatumvishi. Tunamwacha hivyo hivyo."

"Na matundu ya misumari?"

"Yanaonekana. Hata alipofufuka hakuyaficha. Aliwaonyesha wenzake, akawaambia washike."

Takasika aliacha kukunja. "Si alikuwa amefufuka? Angeweza kuyafuta."

"Angeweza."

"Sasa kwa nini hakuyafuta?"

Jibu Eliakunda alikuwa nalo, ila hakutaka kulisikia likitoka kinywani mwake. Akasema mkasi umepotea, akainama kuutafuta, na mkasi ulikuwa mkononi.

Maana zilikuwa zimebaki siku nane tu aapishwe. Mgeni akimaliza mwaka Ukamili bila koti lake la kwanza kuvuliwa, anasimamishwa mbele ya Baraza, anatamka, "Sikukosa, sikosi, sitakosa," na jina lake linaandikwa kwenye kitabu cha raia. Kuanzia saa hiyo ni marufuku kwa mtu yeyote kumuuliza alikotoka alifanya nini. Eliakunda aliitamani siku hiyo kuliko chakula. Alijua kiapo chote, alikuwa akikiimba kwa sauti ya chini kama besi ya wimbo.

Basi mchana mmoja, upepo umekufa na mabati yanalia kwa joto, Mzee Sinadoa aliteleza kwenye ukuta wa uani taratibu mpaka chini. Uso ulikuwa wa majivu, na hakuwa na hata tone la jasho. Daktari aliitwa, akaja na makoti yake kumi na mawili, akapiga goti kwa shida, akaweka sikio juu ya koti la thelathini na moja, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sisikii tatizo," akasema. Akaandika "mzima" kwenye cheti na kuondoka.

Takasika akamgeukia Eliakunda. "Fundi, baba anaungua humo ndani. Nisaidie kumvua."

Kumvua mtu koti kulikuwa na adhabu moja, na kila mtu aliijua. Unafukuzwa, na jina lako haliandikwi kamwe. Eliakunda akamtazama mzee. Midomo ilikuwa imekauka, na pumzi zilikuja mbili mbili kisha zikasimama kidogo, zikaja tena. Alizitambua zile pumzi. Akasimama.

"Naenda mara moja kumrudisha daktari," akasema. "Narudi."

Alifika getini. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo ndipo aliposikia alichosema. Akashika nguzo ya geti, akalia pale pale, mtu mzima mchana kweupe, huku wapita njia wakimwambia siku njema. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kufukuzwa, lakini zaidi aliogopa kumwona mtu akifa, kama alivyoogopa ile siku, wala hofu haikuwa imepungua hata kidogo kwa mwaka mzima wa kuvaa koti.

"Bwana," akasema, "mimi ni mwoga. Wewe unajua." Hakuwa na sala nyingine. Kisha akageuka, akarudi uani, akachukua mkasi.

Vifungo vya juu vilifunguka. Vya ndani vilikuwa vimeshika kutu, ikabidi kukata. Kila koti lilipotoka Takasika alilitupa pembeni na kummwagia baba yake maji kichwani, na kwenye koti la tano mzee akafungua macho.

"Hilo nilipewa nilipopiga chafya kwenye kiapo," akasema kwa sauti ya mtu anayeota. "Hilo la chini yake... nilimwambia mama Takasika mapishi yake hayana ladha. Alikuwa amehangaika kutwa nzima."

"Pumzika, baba."

"Niache niseme, mama. Humu ndani kuna joto tangu lini."

Wakaendelea. Mengine yalikuwa ya kuchekesha, na Takasika alicheka kweli, machozi yanamtoka. Mengine yalikuwa mazito. Waliposhuka mpaka yamebaki makoti tisa, Mzee Sinadoa, ambaye sasa mikono yake iliweza kukunjika, aliushika mkono wa fundi.

"Hili acha."

"Kwa nini, mzee?"

"Chini ya hili yuko mtu." Hakuuachia mkono. "Aliitwa Lemweli, mlinzi wa ghala. Nilikuwa nimechoka siku ile, nataka kwenda nyumbani, sikuyasoma maelezo yake. Siku hizo bado tulikuwa na gereza, nikamfunga. Kesho yake nikayasoma nikaona hana hatia. Ningemtoa, ingejulikana kwamba jaji amekosea. Wakanipa koti. Alifia ndani, mwaka wa pili. Haya yote mliyoyatupa hapo, ishirini na mawili, nimeyavaa juu yake, na bado namsikia."

Eliakunda hakumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Alikaa chini kwenye udongo ulioloa, mkono wake ukiwa bado umeshikwa, na akajisikia akianza kusema. Alisema yote: wiki tano, pumzi, dawa ambayo hakwenda kuitafuta, kilabu, kata iliyojaa. Hakuwahi kumwambia mtu. Alipomaliza hakuthubutu kumtazama Takasika.

Mzee Sinadoa akauliza, "Uliporudi ulimshika?"

"Nilimshika. Mkono ulikuwa bado na joto kidogo."

"Mimi wangu sikumshika kabisa," akasema mzee, na wote wawili wakalia bila kufichana.

Baadaye mzee akasema, "Kulikuwa na sala fulani zamani, nikiwa mtoto. Tuliifuta. Mtu anasemaje?"

"Taja ulichofanya, kisha useme Bwana, unihurumie. Hakuna zaidi."

Mzee Sinadoa alimtaja Lemweli kwa jina lake na jina la baba yake. Akataja ghala, na mwaka. Akasema Bwana, unihurumie. Eliakunda naye akamtaja Aikaeli, akasema vile vile. Hakuna radi iliyopiga. Kisha mzee mwenyewe akainua mikono ili koti la tisa litoke.

Mwishoni kabisa lilibaki shati, jepesi, limechakaa, matundu kila mahali, na ngozi chini yake imejaa vipele vya joto kama ya mtoto. Takasika alimtazama baba yake kwa muda. Alipiga magoti, akamkumbatia, mikono yake ikazunguka yote mpaka ikakutana mgongoni.

"Baba," akasema, "kumbe wewe ni mwembamba hivi."

"Nilikuwa hivi siku zote, mama."

Eliakunda aliwaacha wakumbatiane. Alivua koti lake mwenyewe, akakata pindo la chini, akatoa sindano, na kabla mzee hajakauka vizuri akamshonea kiraka mgongoni, kikubwa, cha rangi isiyofanana na shati hata kidogo. Halafu akajishonea begani. Pumzi za mzee zilikuwa zimerudi kuwa moja moja. Alisinzia akiwa amelalia bega la bintiye, na habari ikawa imeshafika mjini, maana ukuta wa ua ulikuwa mfupi.

Baraza lilikutana asubuhi iliyofuata na likajikuta kwenye mtego. Kuwashtaki kungekuwa kukiri kwamba Ukamili pametendeka kosa. Mmoja akapendekeza wavikwe kwa nguvu, lakini hakupatikana mtu aliyekuwa tayari kuwagusa. Mwisho ikapitishwa kwamba fundi Eliakunda hakuwahi kuingia nchini, na kwa hiyo aondoke. Kuhusu Mzee Sinadoa, ambaye alikuwa ameshaonekana anatembea barabarani na shati la kiraka, ana mkono mmoja kwenye bega la bintiye na anaulizia nyumbani kwa mjane wa Lemweli, Baraza liliazimia kwamba haonekani. Watu walitii. Walipita karibu naye wakitazama juu. Ila walikuwako wachache, kwenye kona za njia, waliokishika kile kiraka harakaharaka kwa vidole viwili, kisha wakaenda zao.

Eliakunda alifika mpakani saa nne asubuhi, shati lake na kiraka chake, mfuko begani. Sikosei alikuwa mezani peke yake. Akamsukumia fomu bila kumtazama.

"Sababu ya kuondoka," akasema. "Watu huandika 'matembezi.'"

Eliakunda akachukua kalamu. Aliandika polepole, mwandiko wa mtu aliyezoea chaki zaidi: *Mke wangu alipokuwa anakufa nilikimbia, kisha nikadanganya. Narudi kuwaambia watu wa kwetu.* Akatia sahihi.

Sikosei alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata maneno. "Huwezi kuandika hivi."

"Ndivyo ilivyokuwa, mheshimiwa."

"Watakufanya nini huko kwenu?"

"Sijui. Wengine watakasirika. Watakuwa na haki." Akairudisha kalamu mezani. "Nadhani jirani yule atanisimulia alivyokufa. Sijawahi kumuuliza."

Afisa akaikunja fomu, akaikunjua. Nje hapakuwa na mtu, ila hata hivyo alitazama dirishani, akatazama na mlangoni. Aliponena sauti ilikuwa ndogo, haikufanana na makoti yake.

"Bwana fundi. Mtu akitaka kuanza... anaanza na kifungo kipi?"

"Cha juu. Cha koti ulilovaa mwisho."

Sikosei akainua mkono. Mikono kumi na minne ya makoti ilikakamaa kiwikoni, na vidole vikaishia hewani, chini ya kifua. Akajaribu na mkono wa pili. Akaushusha, akatazama meza.

Njia ya nyumbani ilikuwa wazi pale mlangoni. Eliakunda alikuwa amepiga hesabu zake, akitoka sasa hivi angefika penye maji njiani kabla ya jua la utosini. Akautua mfuko chini, akazunguka meza.

"Inua kidevu kidogo, ndugu yangu," akasema, akakishika kile kifungo.